Kigali, Jumapili Isiyo na Magari

Mimi ni muuza dagaa wa Mwaloni Kirumba, Mwanza. Miaka yote hii mzigo wangu umekuwa ukifika Kigali na Goma, mimi mwenyewe sijawahi kufika, maana wateja huja pale pale sokoni, wakapima, wakafunga magunia na kupakia. Kilichonitoa safari hii ni shangazi. Aliolewa Biryogo, mtaa wa Kigali, tangu mimi mtoto, na sasa mjukuu wake alikuwa anaolewa. Nikajaza ndoo mbili kubwa za dagaa wa jua, wale wasio na mchanga, nikafunga mifuniko kwa kamba ya katani, nikapanda basi.

Ya njiani sitayasema sana. Daraja la Kigongo hadi Busisi tulilivuka kabla sijamaliza kufungua chupa ya maji, mahali ambapo zamani tulikuwa tunapanga foleni ya kivuko tukichomwa na jua. Baada ya hapo ni Geita, Biharamulo, Lusahunga, Benako, na kiti ambacho chuma chake kilikuwa kimetoboa sponji. Chakula cha njiani ni wizi wa mchana: wali mkavu na shingo ya kuku kwa bei ambayo Mwanza ningelisha nyumba nzima. Rusumo, mpakani, tulivuka mto Kagera, basi likahamia kulia kwa barabara, tukagongewa mihuri ya nchi zote mbili katika jengo moja, hilo nililipenda. Ila mbadilisha fedha mmoja nje ya geti alinihesabia noti kwa mikono myepesi kiasi kwamba hadi leo sijui faranga zangu nyingine zilibaki kwenye kidole gani. Tukaendelea na safari, na simu yangu ikarudi nyuma saa moja.

Nyabugogo, kituo kikuu cha mabasi cha Kigali, tuliingia usiku wa manane. Wengine tukalala humo humo ndani ya basi mpaka kukapambazuka.

Asubuhi nikapatana na dereva wa pikipiki: faranga 2,000 hadi Biryogo, mimi na ndoo zangu. Faranga moja inakaribia shilingi mbili zetu, kwa hiyo hesabu mwenyewe. Akanivika kofia ngumu, akafunga ndoo moja nyuma, nyingine akaiweka mbele yake juu ya tangi, tukapanda mlima wa Muhima. Kabla ya kufika mjini akasimama. Mbele palikuwa na vizuizi na askari, na nyuma ya vizuizi barabara nzima, ya lami pana, imejaa watu wanaokimbia.

"Mama, leo hatupiti," akasema. "Ni Jumapili ya mazoezi. Mpaka saa nne."

Nikamwambia anizungushe njia nyingine. Akasema mitaa anayoijua kuelekea huko nayo imefungwa. Nikamwambia basi achukue nusu ya nauli, maana amenifikisha nusu ya njia. Akasema mafuta hayajui nusu. Tulibishana pale, jasho linanitoka na baridi ile ya mlimani, na mwisho nikampa 1,500. Aliondoka amenuna, nikabaki nimesimama na ndoo mbili za dagaa katikati ya watu waliovaa raba.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Walipita wazee wa miaka ya baba yangu wakitembea kwa mwendo wa haraka, mikono ikienda kama askari. Walipita mabinti waliovaa hijabu wakikimbia kwa mafungu. Mwanamume mmoja alikuwa anasukuma kigari cha mtoto huku mkewe, mjamzito wa karibuni kujifungua, akitembea pembeni taratibu. Watoto walikuwa wanafundishwa baiskeli katikati kabisa ya barabara, pale penye mstari mweupe, mahali ambapo siku nyingine mtoto akisimama hata sekunde tano mama yake anaishiwa nguvu. Na hapakuwa na honi. Nilisikia vishindo vya viatu, mazungumzo, na mbali kidogo muziki wa watu wanaofanya viungo kwa pamoja.

Nilinyanyua ndoo zangu nikatembea. Hatua mia hivi, nikazitua. Nikanyanyua tena. Mara ya tatu akasimama kijana mwenye baiskeli ya kubebea mizigo, ile yenye keria pana, akaniuliza kwa Kinyarwanda, kisha alipoona nimeduwaa akahamia Kiswahili: "Unaenda wapi, mama?" Nilipomtajia Biryogo akacheka kwa furaha, akasema nyumbani kwao ndiko. Akafunga ndoo zote mbili kwenye keria kwa mpira wa baiskeli, akasema tutembee pamoja, yeye asukume. Sikumpa hata senti, na alikataa kabisa nilipojaribu.

Ni yeye aliyenieleza. Jiji lilianza siku hii mwaka 2016, mara moja kwa mwezi, baadaye ikawa mara mbili. Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nne, barabara kubwa zilizopangwa zinafungwa, magari yanapisha. Mtu yeyote anaweza kuja. Hakuna kiingilio, hakuna kujiandikisha, hata Rais ameshaonekana akitembea humo.

Tulipofika penye mahema akaniambia, "Mama, pima presha, ni bure." Nilikataa. Nilikuwa nimechoka, nanuka dagaa, sijaoga tangu Mwanza. Lakini muuguzi aliyekuwa mlangoni, mwanamke mnene wa rika langu, alishaniona nikivuta pumzi kwa mdomo. Akanishika kiwiko akanikalisha.

"Usiseme," akaniambia. "Miguu chini, usipishanishe. Mkono weka mezani."

Akanivalisha kile kitambaa cha kubana mkono, akabonyeza, kikajaa upepo hadi nikahisi mapigo yangu kwenye vidole. Mashine ikasoma 168 juu na 104 chini. Alinitazama, hakusema kitu. Akaniambia nikae robo saa, ninywe maji, nisiwaze. Kijana wa baiskeli akasimama nje na ndoo zangu, akisalimiana na nusu ya watu waliopita. Aliporudia ikashuka hadi 150 na 96. Muuguzi akachukua kikaratasi, akaandika namba zote mbili na tarehe, akakikunja mara mbili na kunitia mkononi, kisha akafunga vidole vyangu juu yake.

"Hii si ya kuchoka peke yake," akasema. "Ukifika kwenu nenda kituo cha afya na karatasi hii. Usingoje kichwa kiume."

Mama yangu mzazi alikufa kwa kiharusi. Alikuwa hajapimwa presha hata siku moja, kwa sababu kupimwa maana yake ni kufunga biashara siku nzima, nauli, foleni, na pengine mwisho kuambiwa mashine mbovu, njoo kesho. Watu wetu wa Mwaloni hawaendi hospitali wakiwa wazima. Hapa hema limewekwa njiani, mtu anapita zake na raba, anakaa, anajua. Niliondoka pale machozi yakinilenga, na si kwa ajili ya ile namba.

Katikati ya jiji tulipita ule mtaa wanaouita Imbuga City Walk. Kijana akaniambia magari yaliondolewa humo mwaka 2015, na wenye maduka walilalamika sana, maana kwa muda mrefu palibaki lami tupu isiyo na kitu wala watu. Mwaka 2022 pakafunguliwa upya pakiwa na viti, miti, vibanda vya kuuzia chakula, njia ya baiskeli na intaneti ya bure. Ni pazuri, sitakataa. Nilirudi huko jioni moja na wajukuu wa shangazi, wakacheza mpaka wakachoka, vijana wamejipanga kwenye viti na simu zao. Juisi ya kikombe kidogo iliniuma mfukoni, nikawaambia watoto tutakunywa nyumbani.

Lakini Biryogo ndiko moyo wangu ulikobaki.

Biryogo iko chini kidogo ya mji, upande wa Nyamirambo. Wakati wa Wabelgiji, Waislamu na Waswahili waliokuja na misafara, askari, makarani na mafundi, walitengwa wakae huko, na ndiyo maana hadi leo ukiingia unaamkiwa kwa Kiswahili. Msikiti wa Al-Fatah ulio jirani ni wa mwaka 1913. Shangazi alikuwa ananisubiri barazani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekuja kwa miguu? Hao dagaa umewabeba kichwani toka Mwanza?"

Mtaa wake ndio ule uliofungwa kwa magari mwaka 2021, wakati wa korona, ili migahawa iweze kutoa meza nje na watu wakae mbalimbali. Korona ikaisha, meza zikabaki. Barabara imepakwa rangi, miduara mikubwa ya njano, bluu na nyekundu, na juu yake viti na miavuli kutoka upande huu hadi ule. Jioni ikifika hupati pa kukanyaga. Wanakunywa chai ya maziwa yenye tangawizi, wengine chai ya majani mabichi na limau, chapati zinatoka motoni, mishikaki inachomwa, mwadhini anaadhini, watu wanapishana kwenda kuswali na kurudi kwenye vikombe vyao. Wamo wanafunzi, wafanyakazi wa maofisini, Wazungu, na wazee wa mtaa wenye kofia za vitambaa. Harusi yenyewe ilifana, tulicheza hadi miguu ikavimba, lakini hata bibi harusi alichukuliwa matembezi usiku hapo mtaani na mashoga zake, kwa sababu ndipo mahali pa kuonekana.

Usiku mmoja, nje na chai, nikamwambia shangazi wana bahati. Alikaa kimya, akaniwekea sukari.

"Bahati ipo," akasema. "Usiku sasa natembea peke yangu, siogopi. Watoto wanacheza mlangoni. Lakini mwenye nyumba wa huyu jirani amepandisha kodi mara mbili, maana chumba cha mbele sasa ni mgahawa. Na Hamisi wangu unajua alikuwa anaziba pancha wapi? Hapo ulipokaa."

Gari likiondoka, fundi wa gari analifuata. Hamisi sasa yuko mbali, anapanda basi kila asubuhi. Hamna aliyemfukuza, ila kazi yake haikuwa na mahali tena. Na kesho yake, nikiwa na shangazi pembezoni mwa mtaa, mwanamke aliyebeba beseni la parachichi kichwani alisimama kutuuzia. Nilishaingiza mkono mfukoni. Shangazi akanishika kifundo cha mkono: "Acha. Humu anayenunua njiani anapigwa faini sawa na anayeuza." Yule mwanamke alitazama nyuma, akaona alichokiona, akaondoka mbio, mkono mmoja kwenye beseni, mwingine ukishikilia mtoto mgongoni. Parachichi moja liliviringika hadi kwenye duara la njano. Nililiokota nikalikimbiza kona mbili, sikumpata.

Hapo ndipo nilipoanza kuwaza Mwanza, na sijaacha.

Mdogo wangu aliuza viatu vya mtumba Makoroboi, kati ya mji kabisa, mpaka mwishoni mwa 2021 wamachinga walipoondolewa barabarani nchi nzima. Mwaka ule ule. Kigali waliondoa magari kwenye mtaa mmoja ili watu waweke meza, sisi tukaondoa meza ili magari yapite. Najua mitaa yetu ilikuwa imeziba, gari la zimamoto lisingeweza kuingia, na wenye maduka walikuwa na haki ya kulia. Lakini nenda Makoroboi leo jioni, maduka yakishafungwa. Hakuna pa kukaa. Mji wenye ziwa, wenye upepo ule, na mtu akitaka kukaa na mwanawe nje bila kununua soda ya bei ya hoteli, anaenda wapi? Tunatembea mjini tukiwa tunakwepa, bodaboda huku, daladala kule, na tumezoea hivyo hadi tunadhani mji ndivyo ulivyo.

Mimi naitaka Jumapili ile. Naitaka Mwanza, barabara ya Kenyatta ifungwe asubuhi tu, hema la presha liwekwe, kina mama wa Mwaloni waje na kanga zao. Na nautaka mtaa kama wa Biryogo, ila wenye nafasi ya beseni la parachichi na kibanda cha Hamisi. Sioni kwa nini vyote visikae pamoja. Lami ni pana.

Kikaratasi cha muuguzi nilikipeleka kituo cha afya, nimeanza dawa. Mdogo wangu nikamsimulia yote, rangi za barabarani, chai, watoto kwenye baiskeli, nikamwonyesha na picha. Alizitazama moja moja, akaikuza ile ya mtaa umejaa usiku.

"Pazuri dada," akasema. "Na sisi wenye meza za viatu watatuweka wapi?"

Nikamwambia aje kwenye kikao cha mtaa mwezi ujao, aliulize hilo mbele ya diwani, nami nitakuwa nimekaa kando yake na picha zangu.