Anga la Titan la mwaka 1944, kwa mawe ya Dodoma

Mwaka 1944 jarida la Life la Marekani lilichapisha michoro ya mchoraji Chesley Bonestell ikionyesha Zohali inavyoonekana kutoka kwenye miezi yake. Ukitaka kuugeuza mmoja uwe mandhari ambayo mtu anazunguka ndani yake kwa simu, anza na ule wa Titan, mwezi mkubwa kuliko yote ya Zohali. Nguvu yake iko kwenye pembe, yaani sehemu ya anga ambayo Zohali na pete zake zinaichukua. Pembe ikikosewa, miamba mizuri haiokoi kitu.

Titan iko takriban kilomita 1,222,000 kutoka kitovu cha Zohali, na kipenyo cha Zohali kwenye ikweta ni kilomita 120,536. Sayari inachukua nyuzi 5.6 za anga, kama mara kumi na moja ya upana wa Mwezi wetu. Katika Three.js, maktaba ya kuchora 3D kwenye kivinjari, kipimo kimoja kiwe kilomita 1,000: tufe la nusu kipenyo 60.27, umbali 1,222, kisha libonyeze wima kwa 0.90 kwa sababu Zohali imebonyea kwenye ncha. Kamera ipe upana wa kuona wa nyuzi 35 za wima. Ukiiweka kwenye nyuzi 75, Zohali inakuwa punje, na kishawishi cha kulikuza tufe kwa kukisia kinaanza hapo. Badili kamera, tufe liache.

Pete ndizo zinazosumbua. Zianzie 74.7 hadi 136.8 kutoka kitovu cha Zohali, na pengo la Cassini, nafasi nyeusi kati ya pete, liwe kati ya 117.6 na 122.2. Titan inazunguka karibu kabisa kwenye usawa wa pete, kwa hiyo zinaonekana kama mstari tu: kwenye skrini ya pikseli 1,080 za wima, unene wake ni pikseli mbili au tatu. Bila kulainisha kingo, mstari unakatika na kumetameta kila kamera inaposogea. Usizifungue pete ili zipendeze. Anayezitaka wazi aende Iapetus, mwezi mwingine wa Zohali, ambao njia yake imeinama kama nyuzi 15.

Miamba ya mbele ichorwe kwa mkupuo wa pili, kwa mita, baada ya kufuta bafa ya kina, kumbukumbu inayoamua kipi kiko mbele ya kipi. Ukichanganya mita na kilomita milioni kwenye mkupuo mmoja, nyuso zinagombana na kupepesa.

Kwa miamba yenyewe, Dodoma tumebarikiwa granite. Chagua jiwe lililopasuka na kusimama, kwani mengi yetu ni ya mviringo na Bonestell alipenda ncha kali. Ili programu ya fotogrametria iligeuze kuwa umbo la 3D, piga picha kama 80 ukilizunguka, kila moja irudie theluthi mbili ya iliyotangulia, alfajiri kabla jua halijapiga. Kivuli cha mchana kinaganda kwenye rangi ya jiwe na hakitoki. Kiangazi upepo hutikisa nyasi, programu ikachanganyikiwa, hivyo fyeka kwanza. Punguza umbo hilo hadi pembetatu 30,000 na picha za rangi za pikseli 2,048, bando la mtu lisiishe.

Mwisho weka kitelezi cha anga. Upande mmoja buluu ya Bonestell. Upande wa pili ukungu wa rangi ya chungwa na kokoto za barafu ambazo chombo cha anga cha Huygens kilizikuta kilipotua Titan tarehe 14 Januari 2005. Kitelezi kikifika huko, Zohali ipotee kabisa.