Vikaratasi vya Maalim

Maalim aliondoka Jumatatu kwa boti ya asubuhi kwenda Unguja, akaniachia ufunguo wa kabati la wadudu na bunda dogo la karatasi lililobanwa kwa klipu.

"Isome hii taratibu," aliniambia. "Nikirudi Alhamisi tukae pamoja, tuyaandike majina upya."

Mimi nilishika lile la kuandika majina upya. Lile la kukaa pamoja likanipita.

Ilikuwa Januari 2015, kaskazi imeshika, na embe zimejaa Pemba nzima hata zinaoza chini ya miti. Nilikuwa na miezi mitano kazini katika ofisi moja ya kilimo. Dirisha la chumba chetu lilitazama uwanja ambao majirani walianika karafuu za mwisho wa msimu juu ya majamvi, na harufu yake ilikuwa ikituingilia mpaka kwenye chai. Chumbani mlikuwa na darubini moja, meza mbili, na kabati lenye masanduku manne ya mbao yaliyofunikwa kwa vioo. Sanduku la tatu lilikuwa la nzi wa matunda. Walikuwa 64, kila mmoja juu ya pini yake, vichwa vyote vimeelekea upande mmoja kama jamaa waliosimama safu.

Asiyewahi kumtazama nzi huyu kwa karibu hudhani ni nyigu mchanga. Mgongoni, huku na huku, ana mistari miwili ya manjano. Tumbo lake ni la rangi ya kahawia, na juu yake pana alama nyeusi iliyokaa kama herufi T. Bawa ni angavu kama kioo, lina utepe mwembamba wa giza kwenye ukingo wa mbele. Jike ana mwiba nyuma, nao ndio anaotobolea embe ili atage mayai ndani. Kwa nje huoni kitu ila kitundu mfano wa ncha ya sindano. Ukiipasua embe hiyo baada ya siku kadhaa unakuta nyama imegeuka uji, na funza wamo wanajinyonganyonga. Wakishakomaa hujikunja kichwa kwa mkia, wakajiachia kwa nguvu na kuruka. Niliwahi kumwona mmoja akiruka kutoka katikati ya sahani hadi nje ya ukingo wake. Wanautafuta udongo, maana humo ndimo wanamojifungia ndani ya gamba lililo kama punje ya mchele mpaka watoke na mabawa.

Karatasi aliyoniachia Maalim ilikuwa habari ya jina la nzi huyu. Alionekana Kenya mwaka 2003, na kwa miaka michache tu akaenea sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara. Mwaka 2005 wataalamu watatu, Drew, Tsuruta na White, walimtangaza kuwa ni spishi mpya na kumpa jina Bactrocera invadens. Hilo neno la pili ni Kilatini, maana yake mwenye kuvamia, na sisi tulipokwenda vijijini tulimwita nzi mvamizi. Sasa Mark Schutze na kundi kubwa la wenzake walikuwa wameandika kwamba mvamizi huyu si mpya hata kidogo. Ni yule yule Bactrocera dorsalis ambaye mtaalamu wa wadudu Hendel alimweleza kutoka Taiwan mwaka 1912. Walikuwa wamelinganisha vinasaba, maumbo ya mabawa, urefu wa viungo vya uzazi vya madume, hata harufu wanazotoa. Waliowaweka pamoja wa huku na wa Asia walikuta wanapandana na kuzaa bila taabu yoyote. Na kanuni ya majina ya wanyama, ambayo huanza hesabu yake mwaka 1758 kwa toleo la kumi la kitabu cha Linnaeus, mtaalamu aliyeweka utaratibu wa kuwapa viumbe majina ya maneno mawili, inasema kiumbe kikiwa na majina mawili, jina la zamani ndilo linalosimama. Basi 1912 ikaishinda 2005.

Ofisini alikuwepo mwenzetu aliyesema hao wataalamu wamekosa kazi, leo wanatia jina na kesho wanalitoa. Sikukubaliana naye siku ile wala leo sikubaliani naye. Miaka kumi tulimchukulia nzi huyu kama mgeni asiye na kwao, ilhali wenzetu wa Asia walikuwa wanapambana naye kwa zaidi ya miaka mia. Walikuwa wameshajua anapenda matunda gani, anataga mayai mangapi, anakaa udongoni siku ngapi. Hayo yote yalikuwa yameandikwa, ila yaliandikwa chini ya jina jingine. Mama wa Konde anayetia embe zake kwenye pakacha na kukuta nusu zimeoza ana haki ya kufikiwa na elimu hiyo. Hata dawa tuliyotia kwenye mitego, mithili yujeno, inayowavuta madume kutoka mbali, ilikuwa ikitumika huko Asia kwa nzi huyu huyu. Dawa hiyo ni jamaa wa karibu wa yujeno, ile inayoipa karafuu harufu yake. Kila nilipofungua chupa yake mbele ya lile dirisha nilikuwa naliwaza hilo.

Basi Jumanne nikajifunga kibwebwe.

Chini ya kila nzi, kwenye pini ile ile, palikuwa na vikaratasi viwili, kimoja juu ya mwenzake, kila kimoja hakizidi ukucha wa kidole cha mwisho. Cha juu kilitaja pahala, tarehe, tunda au mtego, na aliyemkamata. Cha chini kilitaja jina la nzi na aliyemtambua. Vyote viliandikwa kwa mkono wa Maalim, kwa wino mweusi, hati ndogo ya kukazia macho. Vingi vilikuwa vimegeuka manjano, vingine vimelika pembe. Nikaona nitamfurahisha nikivibadilisha vyote. Nikachapa vipya 64 kwa kompyuta, safi, vyote sawasawa: Bactrocera dorsalis (Hendel), Pemba. Hata yale mabano nilikuwa nimeshajifunza maana yake, kwamba yanaonesha mtu huyo alipompa mdudu jina alimweka katika jenasi nyingine, yaani kundi linalotajwa na neno la kwanza la jina, na mdudu akahamishwa baadaye. Nilijivunia kuyaweka mahali pake.

Vile vya zamani nikavichomoa kwa kikoleo kimoja kimoja, vya juu na vya chini, nikavitia kwenye ndoo ya taka. Nzi wote walikuwa wa Pemba, na neno Pemba lipo. Nilidhani linatosha. Jumatano jioni ndoo ikamwagwa jaani pamoja na maganda ya embe na makapi ya chai.

Alhamisi Maalim alifika karibu na adhuhuri, begi bado liko begani.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Za siku mbili tatu?"

Nikamfungulia sanduku kabla hajakaa. Alilitazama muda. Akamtoa nzi mmoja, akamweka chini ya darubini, akainama.

"Huyu katoka wapi?"

"Pemba, Maalim."

"Pemba wapi?"

Sikuwa na jibu.

"Katoka ndani ya embe au kaingia mtegoni? Mwaka gani? Kiangazi au masika?" Akainua kichwa. "Vikaratasi vyake viko wapi?"

Nilipomwambia viko jaani alivua kofia, akaiweka juu ya meza. Kisha akasema, "Nenda kwa wale wanaoanika karafuu. Waambie Maalim anaomba ungo mbili."

Jaa lilikuwa nyuma ya ofisi, chini ya mfenesi. Bi mkubwa aliyefanya usafi alikuwa na kawaida ya kulichoma kila Alhamisi baada ya sala ya adhuhuri. Tulimkuta kibiriti kiko mkononi. Maalim alimsalimu, akamwomba angoje mpaka kesho, kisha akakunja mikono ya kanzu na kuchuchumaa pale penye majivu ya wiki iliyopita.

Tulipepeta mpaka magharibi. Maganda tuliyatenga kwa mkono, maana vikaratasi vilikuwa vimenata kwenye utomvu wa embe. Majani ya chai yalishika kila kitu. Kila kikaratasi nilichokipata nilikisuza kwenye sahani ya maji, na wino haukutoka, kwani Maalim alikuwa akitumia wino usioyeyuka. Nilikuwa nimeshauona wino ule kabatini, sikuwahi kuuliza kwa nini hatumii kalamu ya kawaida. Yeye alivisoma kwa sauti ya chini kila alipovipokea: Mtambile, Ole, Kangani, Ziwani, Makangale, Ole tena. Katika vile vya pahala na tarehe tulipata 58. Sita hatukuviona.

Usiku ule na usiku uliofuata tulikaa kuwarudishia nzi makwao. Hapo ndipo nilipojifunza kazi hii, na nilijifunza kwa njia ambayo sikuitaka. Vikaratasi vya mtegoni tulivipeleka kwa madume peke yao, kwa sababu dawa ile haiwaiti majike. Miaka ya mwanzo Maalim alitumia pini nene, baadaye nyembamba, kwa hiyo tulipima tundu la karatasi kwa pini. Alikuwa pia na daftari, na humo aliandika mambo madogo madogo: bawa la kushoto limechanika, mguu mmoja haupo, mgongo mweusi, mgongo wa kahawia.

Katika daftari hilo niliona ukurasa ambao siusahau. Alikuwa amechukua dume mmoja na jike mmoja, akawafungia ndani ya kizimba cha chandarua pamoja na embe isiyotobolewa, akangoja. Walipotoka watoto wao akawachoma pini saba. Watatu wana mgongo mweusi, wanne mgongo wa kahawia. Mama mmoja, baba mmoja.

"Ulijua tangu wakati huo kuwa rangi haitoshi kuwatenga?" nilimuuliza.

"Nilijua kwa hawa saba," alisema. "Lakini angalia sasa ulivyowafanya. Ukiwatoa vikaratasi, nani atajua kuwa hawa ni ndugu wa tumbo moja? Atakayekuja ataona weusi watatu na wa kahawia wanne, na pengine atawapa majina mawili."

Nikamuuliza na vile vya chini, vyenye jina la zamani. Kama invadens halipo tena, tunavirudisha vya nini?

"Vinarudi. Chako kipya kinakaa chini yake." Alichukua pini akanionesha nafasi. "Jina ni rai ya watu. Drew na wenzake walisema rai yao 2005, hawa nao wamesema yao juzi hapa, na kila mmoja kaeleza hoja yake. Atakuja mwengine baada ya miaka thelathini, atake kujua sisi wa Pemba tulimwita nani na lini. Pahala na tarehe si rai. Hizo ukizipoteza hakuna mtaalamu wa kukurudishia."

Akanieleza kuwa siku hizi anayetangaza spishi mpya lazima ataje kielelezo kitakachokuwa shahidi wa jina hilo, na aseme kimehifadhiwa wapi. Wanaopitia majina upya huenda kwa mashahidi hao, na kitu cha kwanza wanachokisoma ni karatasi iliyo chini ya mdudu.

Mwisho wa kazi, nzi 53 walikuwa wamepata vikaratasi vyao bila shaka. Kumi na moja walibaki. Na mkononi vilibaki vikaratasi vitano ambavyo havikuweza kumfuata nzi yeyote kwa uhakika. Kimojawapo kiliandikwa: Konde, kwa mama. 3 Februari 2007. Embe dodo.

Maalim alikishika kwa kikoleo muda mrefu, akakisogeza kwenye taa. Akaniambia mama yake ndiye aliyeipasua embe ile, akataka kuitupa, naye akamzuia akaifunga kwenye kitambaa arudi nayo ofisini. Mama alifariki mwaka ule ule, kabla ya msimu mwengine wa embe.

Nilimwonesha nzi mmoja kati ya wale kumi na moja, jike mwenye pini nene, vumbi limemkaa miguuni. Nikamwambia huenda ndiye. Nilitamani sana awe ndiye.

"Huenda," alisema. "Huenda haiandikwi."

Akanipa kalamu ya chuma na chupa ya wino. Nikaandika kwa mkono wangu vikaratasi kumi na kimoja: Pemba, tarehe haijulikani, kikaratasi kimepotea Januari 2015. Akaniambia niandike na jina langu, ili atakayesoma ajue wa kumuuliza. Nikaandika. Kisha tukachukua pini tano tupu, tukazipanga mwisho wa safu, kila moja na kikaratasi chake bila nzi. Kile cha Konde nilikichoma mwenyewe, vidole viwili tu kutoka walipo wale kumi na moja.