Fidia ya Korona na Wafugaji wa Mkataba wa Kaunti ya Nobles

Kaunti ya Nobles, kusini-magharibi mwa jimbo la Minnesota nchini Marekani, ni eneo la mahindi, soya na nguruwe. Najua kwamba kwa wengi wenu mnaonisoma mnyama huyu ni haramu, nami naomba mnivumilie, kwa kuwa suala la nani hasa anayestahili kulipwa janga linapotokea linamgusa mfugaji yeyote.

Tarehe 20 Aprili 2020 kiwanda cha kampuni ya nyama ya JBS mjini Worthington, katika kaunti hiyo, chenye uwezo wa kuchinja nguruwe wapatao 20,000 kwa siku, kilifungwa baada ya korona kuenea miongoni mwa wafanyakazi. Nguruwe wa biashara hupelekwa machinjioni akifikisha takriban kilo 127, na banda lake limejengwa kwa kipimo hicho. Anapokosa pa kwenda huendelea kunenepa huku vitoto vinavyopaswa kuingia nafasi yake vikizidi kuzaliwa, ndiyo maana wafugaji walibadilisha chakula na kupandisha joto la mabanda ili mifugo isikue haraka. Wengine hawakufua dafu: mwishoni mwa mwezi huohuo sehemu ya kiwanda ilifunguliwa kwa kazi moja tu, kuua nguruwe ambao nyama yao haingeliwa.

Serikali ilikuwa imeshatangaza, tarehe 17 Aprili, mpango wa CFAP (Coronavirus Food Assistance Program), yaani msaada wa korona kwa sekta ya chakula, uliotenga dola bilioni 16 za malipo ya moja kwa moja kwa wakulima na wafugaji, na maombi yakaanza kupokelewa tarehe 26 Mei katika ofisi za kaunti za Wizara ya Kilimo. Fomu yenyewe haikuwa ngumu, kwa kuwa mwombaji alijaza idadi ya mifugo yake na kuithibitisha kwa sahihi yake. Tatizo langu ni mstari uliochorwa tarehe 15 Aprili. Nguruwe aliyeuzwa kati ya tarehe 15 Januari na siku hiyo alilipiwa dola 28 akiwa mdogo au dola 18 akiwa mkubwa, ilhali aliyekuwa bado bandani baada ya hapo, yaani katika majuma mabaya kuliko yote, alilipiwa dola 17.

Kinachoniuma zaidi ni hali ya wafugaji wa mkataba. Hawa hukopa benki, hujenga banda, huamka usiku kukagua feni na maji, lakini nguruwe ni mali ya kampuni, na CFAP ilimlipa yule aliyebeba hasara ya bei ya mnyama. Mwenye banda tupu na deni la miaka mingi hakuhesabiwa kuwa amepata hasara! Nadhani huo ulikuwa uamuzi mbaya, kwa sababu waliouandika walijua fika jinsi ufugaji wa Marekani unavyoendeshwa.

Ilibidi Bunge lipitishe sheria mwezi Desemba 2020 ndipo wafugaji wa mkataba wakatengewa hadi dola bilioni 1, na kanuni zilizotolewa Agosti 2021 zikawaruhusu kulinganisha mapato ya 2020 na ya 2018 au 2019, kisha kudai hadi asilimia 80 ya pengo. Marejesho ya mkopo wa banda, kwa muda wote huo, hayakusimama.