Gesi ya AC haiishi kama petroli

Ofisi nyingi za Dar es Salaam zikitaka kubana umeme huanza na taa. Si vibaya: tyubu ya futi 4 ya wati 36, pamoja na balasti yake, hula kama wati 45, na LED inayoshika nafasi yake hula 18 tu. Lakini ofisi za pwani mlaji mkubwa ni AC, na mlaji huyo hana habari na bango la "zima taa".

Kabla hujanunua chochote, soma mita. Ijumaa saa 12 jioni, watu wakishaondoka, andika uniti zilizobaki kwenye LUKU. Jumatatu saa 1 asubuhi andika tena kabla kitu chochote hakijawashwa (mtu asiongeze umeme hapo katikati). Hizo ni saa 61. Uniti 1 ni kilowati 1 ikiliwa saa nzima, kwa hiyo zikiwa zimekatika uniti 61, kilowati 1 nzima ilikuwa ikiliwa mlango umefungwa: kipoza maji, fotokopi, AC iliyosahauliwa chumba cha mikutano. Pita soketi moja baada ya nyingine.

Turudi kwenye AC. Watu huweka 16 kwenye rimoti wakidhani chumba kitapoa upesi. AC isiyo ya inveta ina kasi moja tu; 16 maana yake kompresa haipumziki. Weka 25 na uwashe feni. Filta zioshwe kila baada ya wiki 2. Zikiziba vumbi, koili ya ndani huganda barafu, maji yanadondokea mezani, fundi anaitwa, naye anaongeza gesi wakati kilichohitajika ni maji na brashi. Mashine ya nje huliwa na chumvi ya bahari, kwa hiyo zima umeme wake kisha uioshe kwa bomba la kawaida. Ukitumia ya presha, vibati vyembamba vya alumini vinalala na hewa haipiti tena.

Sasa gesi yenyewe, ambayo wahasibu huiona kama gharama ndogo ya matengenezo. Gesi hiyo haitumiki ikaisha. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua, imevuja. Kilo 1 ya R410A, gesi iliyomo kwenye AC nyingi, ikitoka hewani hupasha dunia joto kama tani 2 hivi za hewa ya ukaa, sawa na kuchoma karibu lita 780 za dizeli. AC ya BTU 12,000 hubeba takriban kilo moja. "Kuongeza gesi" kila mwaka, basi, ni kulipia uchafuzi uleule upya.

Mwambie fundi atafute tundu kwanza. Aanzie kwenye nati za mabomba ya shaba, ambako uvujaji hutokea mara nyingi kwa sababu mdomo wa bomba ulitanuliwa vibaya au nati ilikazwa kupita kiasi. Apake povu la sabuni, ajaze naitrojeni, aangalie geji kama inashuka. Asitumie oksijeni kamwe: ikikutana na mafuta ya kompresa inaweza kulipuka. Akishaziba, avute hewa kwa pampu ya vakyumu, kisha apime gesi kwa mzani. Fundi asiye na mzani anakisia. Ukinunua AC mpya, chukua ya inveta yenye gesi ya R32; kwa uzito uleule, madhara yake ni kama theluthi moja ya R410A.

Jenereta nayo mara nyingi ni kubwa mno. Ya kVA 60 ikibebeshwa kilowati 5 hunywa dizeli nyingi kwa kila uniti inayozalisha, na mafuta yasiyoungua vizuri huganda kwenye ekzosi. Umeme ukikatika, laptopu zina betri zake. Kinachosimamisha kazi ni ruta. Ruta ya volti 12 hula wati 10 hivi. Betri ndogo ya wati-saa 60 huishikilia saa 4 au 5, na jenereta inabaki imezimwa.