Mkandarasi alikula pesa za mjengo, nikazidai mahakamani bila wakili

Kwanza nimwambie mjomba: ule ushauri wa "mpeleke polisi, atazitapika" haukunifaa. Nilikuwa nimemlipa mkandarasi laki sita na ushee kwa nyumba yangu ya Ruai, Nairobi. Akafika kwenye lenta, ile boriti ya juu ya milango na madirisha, akahamisha vibarua na mashine yake ya kuchanganya zege hadi mjengo mwingine. Kituoni afisa aliusoma mkataba, akanirudishia: kazi ilianza, hii ni kesi ya madai, si jinai. Kuna aliyenishauri nitafute vijana wamtishe. Huyo hata sikumjibu.

Shida ilikuwa ushahidi. M-Pesa inajiandika yenyewe, lakini pesa nyingine nilimpa mkononi pale saiti, na simu zangu alikuwa hapokei tena. Ndipo nikamwandikia WhatsApp kwa upole wa bibi harusi: "Fundi, nataka kupiga hesabu ya kumalizia nyumba. Nikumbushe, nimekulipa ngapi jumla, na kazi gani imebaki?" Alinusa pesa! Chai haikuwa imepoa, jibu hilo hapo: taslimu kiasi hiki, M-Pesa kiasi hiki, bado paa, milango na plasta. Mwisho akaandika "Mungu akubariki mama". Nilichapisha yote, pamoja na baraka.

Fundi mwingine asiguse ukuta kabla hujapiga picha na kumleta mkadiriaji majenzi. Wangu aliithamini kazi iliyofanyika. Tofauti yake na nilicholipa, kama laki mbili na nusu, ndiyo niliyodai.

Barua ya madai haikujibiwa, nikaenda Mahakama ya Madai Madogo, Milimani. Inapokea madai yasiyozidi Sh1,000,000, wakili si lazima, Kiswahili kinakubalika, na sheria yake ya 2016 inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Wakili aliyekuwa ameniitisha elfu themanini za kuanzia hakuyataja hayo, sijui kwa nini.

Mbele ya hakimu jamaa akalia kwamba saruji ilipanda bei. Akasomewa ujumbe wake mwenyewe. Saruji imo wapi? Akatazama dari.

Ila kushinda si kulipwa. Alinyamaza tena mpaka nilipoomba amri ya utekelezaji, yaani mali yake ikamatwe kulipia deni, na dalali wa mahakama akaanza kuulizia ile mashine ya zege. Siku hiyohiyo M-Pesa ikalia.

Fundi wa sasa namlipa kazi ikionekana: paa, pesa, mlango, pesa. Amenuna, lakini plasta imefika jikoni.