Pupusa ya leo, San Salvador

Nimetoka sokoni sasa hivi, vidole bado vinanukia jibini.

El Salvador ndiyo nchi ndogo kuliko zote Amerika ya Kati. Nilikaa kwenye benchi la mama muuza pupusa, ile mikate ya unga wa mahindi inayojazwa maharage na jibini. Nikamuuliza: mama, vyote hivi mnalima hapa?

Akanionyesha kwa kijiko, kimoja kimoja.
Maharage mekundu, Nikaragua.
Jibini, Nikaragua.
Kabichi, Guatemala.

Alipofika kwenye unga, sauti ikabadilika. "Mahindi haya kayalima kaka yangu." Akalipapasa lile donge taratibu, kama anambembeleza mtoto alale.

Nikalipa, akanirudishia senti 25 yenye kichwa cha George Washington. Tangu 2001 wanatumia dola, kwa hiyo hata hela ni ya Marekani, na huko ndiko wanakonunua bidhaa nyingi zaidi. China inafuata.

Ile sarafu nimeishika njia nzima. Ninachokikumbuka ni mkono wake juu ya unga.

Ndugu zangu, sahani yenu ya leo imetoka wapi? Niambieni hapa chini.