Nilivyopatanisha mizani ya shairi na gitaa la vidole

Nyimbo zangu za mwanzo zilisikika kama tafsiri, ingawa nilizitunga kwa Kiswahili. Kosa lilikuwa kwenye mkazo. Tuni nilizozoea kuziiga, za waimbaji wa Kiingereza, mara nyingi humalizia mstari kwa noti moja nzito juu ya silabi ya mwisho. Mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo tuni ya namna ile inakulazimisha uimbe “bondeNI”. Msikilizaji huenda asijue kilichomkera, lakini amekerwa.

Dawa niliipata kwenye shairi la kawaida: mizani 16 kwa mshororo, yaani vipande viwili vya 8. Kwa duru ya mapigo manne, kila pigo likibeba silabi mbili, usianze kuimba kwenye pigo la kwanza. Ukianza hapo, silabi ya saba, yenye mkazo, inaangukia pigo la nne ambalo ni dhaifu. Mimi huanza pigo la pili. Silabi ya saba inatua kwenye pigo la kwanza la duru inayofuata, ya nane naivuta kidogo, kisha sauti inanyamaza na gitaa linajibu hadi duru iishe. Kipande kimoja kinakula duru mbili, mshororo duru nne, ubeti wa mishororo minne duru 16. Kwa mwendo wa mapigo 96 kwa dakika, ubeti ni sekunde 40. Beti nne zinatosha.

Ndani ya kipande, mapigo yanaangukia silabi ya 1, 3, 5 na 7. Jaribu “njia yapita bondeni”: mizani 8 kamili, ila mkazo wa “yapita” uko kwenye silabi ya nne, katikati ya mapigo, na mstari unachechemea. “Njia hii ya bondeni” unatembea. Kanuni niliyojiwekea ni hii: neno la silabi mbili au nne lianzie kwenye pigo, la silabi tatu litanguliwe na kineno kama ya, na, wa au ni. Huivunja mara moja kwa ubeti, kwa makusudi, maana wimbo usiochechemea kabisa unageuka gwaride.

Maneno mengine ni mitego. “Mtu” na “nchi” yana mkazo kwenye m na n, nawe huwezi kuvuta noti ndefu kwa mdomo uliofungwa, kwa hiyo siyaweki mwisho wa kipande. “Barabara” yenye mkazo kwenye silabi ya tatu ni njia. Ukiupeleka kwenye ya pili umesema “sawasawa”. Kina nacho hupotea kikiwa cha silabi moja, kwa sababu sikio limebaki kwenye ile ya saba. “Bondeni” na “gizani” ni vina vinavyotosha kwa karatasi. Kwa kuimba natafuta “bondeni” na “pembeni”.

Upande wa gitaa nina wakopeshaji wawili wakubwa. Kwa Mississippi John Hurt, mpiga gitaa wa blues wa Marekani aliyerekodiwa mara ya kwanza mwaka 1928, nilichukua gumba lisiloyumba. Kwa Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Kongo ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, nilichukua mazungumzo ya gumba na kidole cha shahada, vidole viwili tu vikitoa sauti ya wapigaji wawili. Tuni zao niliziacha. Mkono unaazimika, tuni ina mwenyewe.

Kwenye kodi ya C (kodi ni noti kadhaa zinazolia pamoja) gumba hupiga uzi wa 5, wa 4, wa 6, wa 4; uzi wa 6 ndio mnene kuliko wote. Kwa ule wa 6, kidole cha pete kinahama kutoka uzi wa 5 hadi wa 6, freti (kigawanyo cha shingo ya gitaa) ileile ya 3. Shahada huingia katikati ya mapigo kwenye nyuzi za 3, 2 na 1. Kinachoharibika karibu kila mara ni gumba kuanza kuifuata sauti. Ndiyo maana huanza kwa mapigo 60, gumba peke yake, huku nikiyasema maneno bila kuyaimba. Napanda kwa manne manne hadi 96, na shahada naiingiza mwisho.

Nikitaka mlio wa wazi zaidi natumia DADGAD, ulinganishaji wa nyuzi unaoitwa kwa noti zake kuanzia uzi wa 6 hadi wa 1: nyuzi za 6, 2 na 1 zinashushwa toni moja kila moja. Shusha kupita kiasi kidogo kisha panda hadi sauti kamili, la sivyo uchezi wa ufunguo wa kukazia utaulegeza uzi katikati ya wimbo. Halafu pima zote sita upya: shingo ikipungukiwa mvutano, nyuzi ulizoziacha hupanda kidogo. Uzi wa 6 ukivuma kwenye freti, seti ya nyuzi ya 0.013 badala ya 0.012 (unene wa uzi wa 1 kwa inchi) kwa kawaida humaliza tatizo.